Kikohozi cha Uani

Mzee Kondo alikohoa.

Siwema alikuwa amekwisha kuketi kitandani, kopo la maji mkononi, mguu mmoja sakafuni. Aliposikia kikohozi akaliweka kopo chini taratibu lisilie, akajilaza tena.

Kati yao palikuwa na ukuta wa udongo tu. Ndani alilala Siwema, mke wa Mwishehe, mwezi wa tano tangu aolewe kutoka Mlandizi na kuletwa hapa Kurui. Nje, uani, baba mkwe wake alikuwa ameketi juu ya kitanda chake cha kamba, hatua sita kutoka kwenye mlango wa choo. Mlango wenyewe ulikuwa uwazi tu kwenye ua wa makuti. Haukuwa na ubao wala gunia. Mtu akifika hapo alikohoa, na aliyekuwa ndani alijibu kwa kukohoa pia. Hilo ndilo lilikuwa komeo la choo kile.

Kabla hajaolewa, somo yake alimfundisha mambo mengi, na mengine ameyasahau. Hili hakulisahau. Baba wa mumeo asikuone unaingia chooni, asikuone unatoka, asikuone umeshika kopo. Kopo ni kama kusema kwa mdomo.

Miezi mitatu ya kwanza haikuwa shida, maana Mwishehe alikuwapo. Kisha Mwishehe akarudi kwenye kazi yake ya kukata mkonge upande wa Kibaha, na siku ya pili yake tu mzee akahamishia kitanda uani. Mchana alikaa hapo akisokota kamba za makumbi. Usiku alikaa hapo hapo bila kusokota kitu. Siwema alidhani ameambiwa amlinde, mwanawe akiwa mbali. Basi akawa anangoja mzee alale. Mzee hakulala. Alikohoa, akajigeuza, kamba za kitanda zikalia, akaingia chooni, akakaa sana, akatoka, akapiga mwayo, akaketi tena. Siwema akasikiliza yote mpaka jogoo wa kwanza, na alipoanza kusinzia, mama mkwe alikuwa akigonga mlango kumwamsha kwenda kisimani.

Tumbo likazoea kunyamazishwa. Wiki za mwanzo lilimwita na yeye akalikatalia, baadaye likaacha kuita. Lilijaa tu, likawa gumu na zito, na akilala chali lilimkandamiza kifuani, akilala ubavu lilimvuta. Kadiri alivyokosa usingizi ndivyo lilivyozidi kufunga, na kadiri lilivyofunga ndivyo usingizi ulivyomkimbia. Nafuu yake ilikuwa mikorosho ya njiani, wanapokwenda shamba. Hapo aliweza kubaki nyuma kidogo. Lakini hata hapo alikuwa na haraka, na tumbo lililozoea kufungwa halitaki haraka.

Usiku ule ulikuwa wa tisa tangu apate choo mara ya mwisho. Nje, kamba za kitanda zililia tena. Siwema akafumbua macho ambayo hayakuwa yamefumbwa sawasawa.

Aliyeanza habari ya mimba alikuwa Bi Mwanakheri, mama mkwe. Ilikuwa karibu mwezi mmoja nyuma. Walikuwa wakila bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu, Siwema akameza matonge mawili, akainuka mbio, akatapika nyuma ya jiko. Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameacha kula, anamtazama kiunoni.

"Njoo hapa, mwanangu. Siku zako umeziona lini?"

"Zimechelewa, mama."

"Kwa siku ngapi?"

"Kama kumi."

"Na usiku hulali. Nakusikia unavyojigeuza."

"Silali, mama."

Bi Mwanakheri akatikisa kichwa, akafuta mikono kwenye kanga yake. Alikuwa mwanamke mkali, lakini siku ile alimtengea Siwema mkeka kwa mikono yake. "Mimi mimba ya Mwishehe ilinitoa usingizi hivyo hivyo," alisema. "Tumbo lilikaa juu kama lako."

Siwema mwenyewe aliamini, au alitaka kuamini. Jioni hiyo mchuuzi wa samaki wakavu alipita na baiskeli yake akielekea Kibaha, akapewa salamu ampelekee Mwishehe. Kesho yake kisima kizima kilikuwa kinajua. Jirani yao Mwamvita akasema ana mbeleko nzuri ya mwanawe aliyekwisha acha kubebwa, ataitoa.

Na miiko ikaanza. Siwema asile mayai. Asile papai, papai linaharibu mimba. Asinywe haluli wala sanamaki, dawa za kuendesha, asiguse mafuta ya nyonyo. Asibebe jembe, asiende shamba. Asijitenge peke yake kwenye vichaka, maana huko kuna wanaowapenda wenye mimba, na si binadamu. Alikatazwa kila kilichoweza kumsaidia, na aliyekataza alifanya hivyo kwa mapenzi.

Siku ya nne baada ya salamu kuondoka, Siwema akaona damu yake.

Alikaa chini chumbani, kitambaa mkononi, akawaza namna ya kusema. Akatoka mpaka jikoni. Bi Mwanakheri alikuwa amemchemshia uji na kuutia tui, jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu yeyote nyumbani mle, na alikuwa akiimba kwa sauti ndogo. Siwema akapokea bakuli.

"Ahsante, mama."

Vitambaa alivifua usiku ndani ya chungu, akavianika chini ya mkeka wake.

Mchuuzi wa samaki alirudi na jibu. Mwishehe amepewa ruhusa, atafika Alhamisi.

Jumatano mchana ikawa siku ya kumi na moja. Siwema hakuwa anawaza tena juu ya mimba wala juu ya Mwishehe. Kichwa kilimuuma, maneno ya watu yalimfikia yakiwa yamechelewa, na asubuhi ile alikuwa amemwaga maji aliyoyateka mwenyewe kwa kudhani ameona mtungi. Alitaka kulala tu.

Ukumbini, juu ya ubao uliopigiliwa ukutani, palikuwa na mkebe wa sanamaki wa Mzee Kondo. Kila mtu alijua ni wake na hapana aliyeuliza anautumiaje. Siwema aliingia na ufagio. Akasikia mama mkwe akizungumza na mtu mbele ya nyumba. Akafungua mkebe, akachota gao moja la majani, akayafunga kwenye pindo la kanga. Jikoni akamimina maji ya moto kwenye kikombe cha bati, akatia majani, akafunika kwa sahani, akageuka kuitafuta chumvi.

Alipogeuka tena, Bi Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni.

"Unakunywa nini?"

Mama mkwe akafunua sahani, akanusa.

"Sanamaki."

"Tumbo linaniuma, mama."

"Mwenye mimba hanywi sanamaki. Nimekwambia. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Basi ulikuwa unajua." Sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Mumeo anakuja kesho kumwona mtoto wake, wewe leo unataka kumtoa. Una mtu huko kwenu Mlandizi? Sema tu. Una mtu?"

"Sina mtu, mama."

"Kwa nini unamtoa?"

Siwema alifungua mdomo. Angesema hakuna mtoto, ingebidi aseme amejua lini. Asiposema, ndiyo atakuwa muuaji. Machozi yakamtoka bila sauti, na katikati ya machozi akapiga mwayo mrefu, hakuweza kuuzuia.

Mwayo ule ndio uliomkasirisha Bi Mwanakheri kupita sanamaki. "Unanipigia miayo," alisema. Akamwaga kikombe chote juu ya majivu. "Ingia ndani ukae. Namwita Mwanne akutazame. Kama umekwisha haribu, kesho Mwishehe atakurudisha kwenu kwa njia ile ile uliyojia, na mbeleko ya watu nitairudisha mimi."

Bi Mwanne alikuwa mkunga, mnene, mwenye pumzi fupi na maneno marefu. Aliingia chumbani akilalamikia jua, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamlaza Siwema chali. Bi Mwanakheri alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Mkunga akapapasa. Akabonyeza juu, akabonyeza chini, akabonyeza ubavu wa kushoto mpaka Siwema akauma pindo la kanga. Akapiga kwa kidole, akasikiliza.

"Mwanakheri," alisema, "hapa hapana mtoto."

"Amekwisha mtoa?"

"Hajamtoa mtu. Hapajakaa mtoto hapa. Hapa pana bada yako ya tangu wiki iliyopita, yote imekaa kama matofali." Akamgeukia Siwema. "Hujakwenda haja tangu lini, binti?"

"Siku kumi na moja."

"Na damu yako?"

Siwema alitazama ukuta. "Ilikuja. Wiki tatu zilizopita."

Mlangoni kanga ilisikika ikikazwa. Bi Mwanakheri alisogea hatua moja ndani. "Wiki tatu. Nami nakutilia tui kwenye uji. Nawaambia watu kisimani. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, mama."

Bi Mwanakheri alitoka. Wakamsikia jikoni akisogeza vyungu ambavyo havikuwa na haja ya kusogezwa.

Bi Mwanne akamvuta Siwema mkono, akamketisha. "Sasa niambie mimi. Choo kipo hapo nje, maji yapo, miguu unayo. Umefungwa na nini?"

Siwema akainamisha uso. Nje, uani, Mzee Kondo akakohoa. Siwema akashtuka kama aliyeguswa na kaa la moto, akakaza magoti pamoja.

Mkunga aliyaona magoti. Akatazama ukuta, akatazama kopo lililokuwa chini ya kitanda, limejaa, vumbi limeelea juu ya maji.

"Tangu Mwishehe aondoke?" aliuliza.

Siwema akaitikia kwa kichwa.

"Usiku na mchana?"

"Halali, bibi. Mimi nangoja alale, naye halali."

Bi Mwanne alianza kucheka, kisha akaacha.

Mama mkwe hawezi kumwendea mumewe na maneno kama yale, na mwana hawezi kumwambia baba yake. Lakini Bi Mwanne alikuwa mtani wa Mzee Kondo. Walikuwa wametaniana tangu utoto wao, misibani na harusini, na mwaka Mzee Kondo alipougua homa, Bi Mwanne alimwekea mkeka wa maiti mlangoni ili amchekeshe. Kwa mtani hakuna neno la kuchukia.

Akatoka uani, akamkuta mzee amejikunja juu ya kitanda chake, kamba ya makumbi mkononi haijasogea.

"Kondo, unalinda nini hapa? Nani atakuja kuiba choo chako?"

"Pita zako, Mwanne. Leo sina nguvu ya utani."

"Nguvu zako ziko wapi?"

"Ziko tumboni, zimekaa." Akajigusa chini ya kifua. "Safari hii siku nne, na tangu Mwishehe aondoke ni hivi hivi. Nimekwenda mpaka bomani Kisarawe, dresa wa hospitali akanipa haluli, ikanipa kwikwi tu. Usiku silali. Nasikia kama linataka, naingia, hapana kitu. Natoka, nikijilaza linanambia rudi. Nimechoka kutembea na kurudi, ndiyo nikahamia hapa karibu."

"Kwa hiyo hulindi mtu."

"Nimlinde nani?"

"Watu wanadhani unalinda."

"Watu gani?"

Bi Mwanne akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kamba zikalalamika. "Wewe siku nne umekwenda mpaka kwa dresa. Mwenzako ana siku kumi na moja."

"Mwenzangu nani?"

Mkunga alinyoosha kidevu kuelekea ukuta wa chumba cha Siwema, kisha akanyoosha kidevu kuelekea mlango wa choo, kisha akamtazama yeye aliyeketi katikati.

Mzee Kondo alifuata kidevu kile, kule na huku. Aliurudia ule mwendo kwa macho mara mbili. Usiku ngapi alikuwa amesikia kitanda cha mle ndani kikilia, akasema moyoni, vijana, anamtamani mumewe. Usiku ngapi alikuwa amesikia bati likigusa sakafu. Alikuwa hajajiuliza bati hilo lilikuwa nini.

"Amenisema?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakusema kitu. Ana adabu kukushinda wewe. Nimehesabu mwenyewe."

Mzee akaanza kusokota kamba, akasokota upande usio wake, ikafumuka yote.

"Mtu mzima mimi," alisema. "Nimekalia njia ya watu."

"Umekalia kweli. Na makalio yenyewe hayana faida hata kwako."

Mzee hakucheka, lakini hakumfukuza.

Mwishehe alifika Alhamisi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita viishe na nguo zilikuwa bado adimu madukani, hata hivyo alikuwa amepata yadi mbili za marekani nyeupe kwa ajili ya mtoto, amezikunja ndani ya shati zisichafuke. Alimwamkia baba yake shikamoo, akamwamkia mama yake, wote wakaitikia marahaba wakitazama pembeni.

Bi Mwanakheri alimweleza jikoni. Siwema, chumbani, alisikia sauti ya mama mkwe ikipanda na kushuka. Asubuhi Bi Mwanne alikuwa amemlisha papai zima na kumnywesha kikombe cha mafuta ya nyonyo, na sasa tumbo lilikuwa limeanza kuzungumza. Alilisikiliza kwa hofu.

Mwishehe akaingia. Hakukaa.

"Kambini wote wamenipa mkono," alisema. "Nyapara amenipa siku tatu kwa sababu hiyo. Nitarudi niwaambie nini? Niwaambie mke wangu alikuwa hajaenda chooni?"

"Nisamehe."

"Hata wewe ulijua. Ulijua nikiwa kule nanunua nguo." Akaweka marekani juu ya kitanda, akaitazama, akaichukua tena. "Mama anasema heri urudi kwenu kidogo, mpaka maneno yaishe."

Siwema alijua hakuna kidogo katika kurudi kwao. Mke aliyerudishwa na tumbo tupu baada ya watu kutoa mbeleko hafuatwi tena.

"Mwishehe." Ilikuwa sauti ya mzee kutoka uani. "Njoo nje."

Mwishehe akatoka. Siwema akasogeza sikio ukutani.

"Alfajiri utachukua jembe," alisema Mzee Kondo.

"Nimekuja kwa siku tatu, baba. Nilime shamba?"

"Uchimbe choo. Nyuma ya jiko, upande wa wanawake. Kina kirefu, na ua mara mbili."

"Choo si hiki hapa?"

"Hiki changu. Mimi ni mgonjwa, nakaa humo." Akainuka kitandani. "Na sasa hivi shika kitanda upande huo, tukipeleke mbele."

"Mbele kuna upepo, baba. Na watu wapitao watakuona."

"Wanione."

"Na habari ya huyu mke?"

"Habari gani? Mtu alikuwa anaumwa, hakupata dawa kwa sababu nyumba yenu ilitaka mjukuu. Hiyo ndiyo habari. Yeyote atakayempeleka Mlandizi anipeleke na mimi, maana ugonjwa wetu mmoja. Shika kitanda."

Siwema alisikia miguu ya kitanda ikiinuliwa, ikigonga kizingiti, ikizunguka nyumba, mpaka ikatulia mbali, upande wa barabara.

Usiku ule Mwishehe alimpa mgongo. Hakusema neno la kupatana wala la kugombana, na baada ya muda pumzi zake zikawa nzito. Siwema alikuwa macho. Tumbo liliita, likaita tena, kwa nguvu ambayo alikuwa ameisahau. Akaketi, mguu mmoja sakafuni, akangoja kikohozi kama kila usiku.

Kikaja. Lakini kilitoka mbele ya nyumba, mbali, ng'ambo ya vyumba vyote. Kikaja cha pili, kikubwa, kikohozi cha mtu asiye na kitu kooni. Kisha cha tatu.

Siwema akakielewa. Akanyoosha mkono chini ya kitanda kutafuta kopo. Halikuwapo. Akapapasa gizani, akaligusa kando ya mlango, juu ya kigoda. Lilikuwa limesuguliwa majivu, limejazwa maji mapya, na maji yalikuwa bado na joto la jiko la mama mkwe.

"Unakwenda wapi?" Mwishehe aliuliza kwa sauti ya usingizi.

"Uani," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti katika nyumba ile.

Alikaa sana. Alipotoka, jasho lilimlowesha mgongo, akashika nguzo ya ua mpaka kizunguzungu kikapita. Mbele ya nyumba mzee alikuwa angali akikohoa kila baada ya muda, akimjulisha alipo. Siwema akasimama kidogo akisikiliza. Kisha naye, kwa aibu, akakohoa mara moja.

Kikohozi cha mbele kikakoma.

Asubuhi Bi Mwanakheri alikwenda kisimani peke yake, mitungi miwili. Wanawake walikuwa wamekwisha fika, na Mwamvita alikuwa na mbeleko iliyofuliwa begani.

"Mama Mwishehe, mbona peke yako? Mwenye mimba yuko wapi?"

Bi Mwanakheri akaweka mtungi chini. Njiani alikuwa ametunga majibu matatu, yote ya kuokoa uso wake, na moja lilikuwa zuri sana. Kutoka pale kisimani waliweza kusikia jembe la Mwishehe nyuma ya jiko.

"Hapana mimba," alisema. "Nilikosea mimi. Alikuwa anaumwa tumbo."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kanga.

"Lo, pole. Na sasa yuko wapi?"

"Amelala."

"Mpaka jua hili? Mkwe wako?"

Bi Mwanakheri alifunga kamba kwenye ndoo, akaishusha kisimani, akangoja mpaka ikagusa maji.

"Amelala," alisema tena. "Nimemfungia mlango asije mtu akamwamsha."